Doa la mawese

Leo kijana wangu kamaliza ugali wake, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya dada yake. Naandika kabla sijasahau, maana miezi miwili iliyopita nilikuwa nakaa jikoni nalia kwa ajili ya kijiko cha uji.

Ana miaka miwili na nusu. Alianza kwa kufunga mdomo, akajifunza kugeuza shingo, mwisho akisikia tu sufuria inafunuliwa anajificha chini ya meza. Hapa Mwanga, Kigoma, kila mtu alikuwa na dawa yake. Tangawizi na limau: aliitemea ukuta, alama ipo mpaka leo. Asali alilamba akataka nyingine (kwa umri wake sawa, ila mwenye mtoto wa chini ya mwaka asithubutu hata tone). Ukwaju ndio aliupenda, tena sana. Alikunywa kikombe kizima, tumbo likajaa maji, ugali akaususa. Kuna aliyeniletea mizizi imefungwa kwenye gazeti, nichemshe nimnyweshe. Kipimo? "Kadiria tu." Nikaipandisha juu ya kabati, ikabaki hukohuko.

Mama mkwe akaja kutoka Ujiji. Siku tatu anatazama tu, hasemi. Ya nne akaniita uani.

"Mkwe wangu, huyu mtoto anakula kutwa nzima. Wewe ndiye huoni."

Akahesabu kwa vidole: maziwa ya asubuhi, chai ya saa nne, biskuti za dukani, juisi ya pakiti, maziwa ya kulalia. Nilitaka kubisha, nikakosa pa kuanzia. Maziwa peke yake yalikaribia lita, na mtoto wa umri huo nusu lita inamtosha.

Kliniki nilienda pia, nashukuru nilienda. Utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma sentimita 14, kijani, yaani hajakonda, nikapumua. Malaria hana. Lakini damu ilikuwa imeshuka kidogo, na nesi alipofungua kadi akakuta dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, vile vya kila miezi sita, tulivikosa. Tulikuwa msibani. Akaniambia maziwa mengi yanamshibisha bila kumpa madini ya chuma, na chai inazuia hata hayo machache ya kwenye chakula. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo inapotea. Tukapewa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu.

Nyumbani Mama alishachukua usukani. Dagaa wetu wa ziwani, wakavu, akawakaanga bila mafuta mpaka wakalia kwenye kikaango, akawatwanga kinuni, akachekecha. Unga wake kijiko kimoja kwenye mchicha, na mawese juu. Mawese aliyapasha tu. Mimi nilizoea kuyaunguza mpaka yapauke, akanikaripia: ule wekundu ndio vitamini yenyewe, naifukuza kwa moshi.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Alililia chupa mpaka majirani wakachungulia. Mama akamweka kwenye sinia moja na binamu zake wanne, akaniambia niondoke nisimwangalie mdomoni. Nikajifanya naanua nguo. Nilipogeuka, vidole vyote vitano ni vya rangi ya chungwa, anamsukuma mwenzake apate nafasi.

Mama amerudi Ujiji jana. Kopo la dagaa limebaki robo, na lile doa kwenye kola ya shati jeupe nimelifua mara tatu.