Sahihi yangu mwenyewe imenikana

Jana benki nimesaini mara nne. Dada wa dirishani anatazama karatasi, ananitazama mimi, anarudi kwenye kompyuta. "Haifanani, kaka." Sahihi waliyonayo niliiweka nikiwa chuo, ile S ina mkia mrefu wa mbwembwe. Siku hizi nachora tu haraka niondoke.

Nikiwa kwenye benchi namsubiri meneja, nikawakumbuka Warumi. Hawa jamaa walikuwa na sheria dhidi ya kughushi wosia tangu mwaka 81 KK, enzi za mtawala wao Sulla. Zama za mfalme wao Nero wakaongeza ulinzi: vibao vya maandishi vitobolewe, uzi upitishwe matunduni mara tatu, ndipo mihuri igongwe. Na anayemwandikia mwenzake wosia asijiandikie fungu humo (hapo ujue kuna familia zilishalizwa!).

Ila aliyenikosha ni Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki. Mwaka 538 BK alitoa sheria akitaja kesi ya Armenia: hati ya kubadilishana mali ililinganishwa mwandiko, ikaonekana haifanani kabisa. Baadaye shahidi aliyeisaini akaitambua, kumbe ni mkono wake. Sheria yenyewe inakiri kuwa kijana haandiki kama mzee anayetetemeka, maradhi hubadilisha mkono, hata kalamu na wino vikibadilika. Ndiyo maana akataka mashahidi, mwandiko peke yake usiamue.

Nilitamani kumsimulia meneja yote hayo. Akanikabidhi fomu mpya, akaniambia nisaini "kama zamani".