Kanga ya chungwa ya bibi wa Hombolo

Jana mwanangu kachukua simu kaiweka karibu na picha ya ukutani akaniuliza, baba mbona chungwa la huku sio kama la huku? Nikamjibu haraka haraka tu kwamba simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa dirishani, ila mawazo yalishahama yakaenda kwa yule mama wa Hombolo, Dodoma.

Alikuja studio pale Uhindini na picha ya marehemu mama yake, anataka A4 ya kuweka siku ya arobaini. Bibi kasimama kwenye mizabibu, kanga ya chungwa inawaka, mkononi kichala cha zabibu nyeusi, chini udongo wetu mwekundu. Mimi nina printa ya Epson L805, rangi sita, wino wa dayi unaozama kwenye karatasi ya glosi, ile inayong'aa. Rafiki yangu wa Dar ana printa ya SureColor P600 ya wino wa pigimenti, yaani wa chembe ndogo ndogo za rangi, na karatasi ya mati ya pamba, isiyong'aa, inayodumu. Kanirushia WhatsApp profaili yake, yaani faili linaloeleza printa na karatasi yake zinatoa rangi vipi, nikafanya sofuti prufu, yaani kuona kwenye skrini picha itakavyotoka ikichapwa, maana kupeleka majaribio Dar kwa basi na kuyarudisha, arobaini ingepita. Monita nilikuwa nimeshaikalibreti, yaani kusawazisha rangi zake, na mwanga wake nimeushusha, pazia nikafunga.

Nikamkalisha mama pembeni yangu, Photoshop imejaza skrini nzima. Kwanza picha ilivyo. Halafu nikabonyeza Control na Y kuwasha prufu, profaili ya mati, na alama ya kuigiza weupe wa karatasi nimeiweka. Picha ikashuka ghafla, weupe ukawa kama maziwa yenye chai kidogo, zabibu zikatoka kwenye weusi zikawa kijivu, kanga ikazima. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, mbona unamfifisha tena?"

Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia mama, hajafifia, karatasi ndio haina weusi wa skrini, subiri macho yazoee. Tukakaa tunaangalia, kweli baada ya muda sura ikaanza kurudi.

Tukaanza kulinganisha. Ukiiambia kompyuta iache rangi zinazofikika kama zilivyo na ikate zinazozidi uwezo wa printa, kwenye mati ngozi ya bibi ilibaki ileile, ila mikunjo ya kanga ikaungana ikawa bapa moja la chungwa. Ukiiambia ibane rangi zote kwa pamoja, kwenye glosi ya L805 mikunjo yote inaonekana, zabibu nyeusi tii, ila sura inasogea kidogo kwenye wekundu. Nikawa nabonyeza huku na kule, mati, glosi, mati, na kadiri ninavyobonyeza ndivyo nilivyoelewa kwamba hakuna printa itakayotupa vyote, tunachagua tu kipi kipotee.

Mimi moyo ulikuwa kwenye kanga. Mama wala hakuiangalia, macho yake kwenye shavu la bibi tu. Akasema mama yake hakuwa mwekundu vile, tupeleke ile ya Dar.

Ikaja na basi, nikaiweka pembeni ya monita, karibu sawasawa na prufu, mpaka ule ubapa wa kanga. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza bei, akaondoka nayo. Mimi ningechukua glosi, na hata leo ukiniuliza ningechukua glosi, lakini mimi yule bibi sikuwahi kumuona.