Talakini ya Bibi

Bibi mzaa mama alifariki Tanga mwaka 2006, alfajiri, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kabla jua halijavuka ukuta wa uani, watu wazima wa nyumba ile ya Ngamiani walikuwa wameshaanza kubishana. Atazikwa wapi lilijulikana, na saa ilishapangwa: baada ya adhuhuri. Ubishi ulikuwa juu ya zile dakika chache baada ya kaburi kufukiwa. Asomewe talakini au asisomewe?

Kwa asiyeijua: maiti akishafukiwa, maalim huchutama upande wa kichwani, watu wakanyamaza, naye humwita marehemu kwa jina lake na jina la mama yake. Humkumbusha shahada aliyotoka nayo duniani. Humwambia kwamba watakuja malaika wawili kumuuliza, wasimtishe, nao ni viumbe kama yeye. Wakimuuliza Mola wako nani, aseme Mola wangu ni Allah, Mtume wangu ni Muhammad, dini yangu ni Uislamu, kibla changu ni Alkaaba. Nimeisikia tangu utotoni na kila mara nywele hunisimama. Maziko yote niliyohudhuria nikiwa mdogo yalikuwa nayo, nami nilidhani ni nguzo ya kuzika, sawa na sanda.

Mjomba wangu hakudhani hivyo. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee wa bibi, na alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Aliporudi, miaka ya tisini, alikuja na makasha ya vitabu, na shikamoo aliiacha hukohuko. Ukimwamkia alikujibu kwa "Waalaykumu ssalaam" hata kama hukumpa salamu hiyo. Upande wa pili alikuwapo maalim wa mtaa, aliyetufundisha alifu sote, mjomba mwenyewe akiwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa. Mzee huyo hakuwahi kutoka Afrika. Elimu yake aliipata kwa kukaa mkekani mbele ya masheikh wa Tanga na Unguja, kitabu baada ya kitabu.

Walikaa barazani, mimi nikiwapitishia kahawa. Ndani wanawake walikuwa wakimwosha bibi, kwa hiyo hakuna aliyepaza sauti.

"Maalim, sikatai dua," mjomba alianza. "Mtume akimaliza kuzika alikuwa akisimama kaburini, akawaambia watu wamwombee ndugu yao msamaha na uthabiti, maana saa ile anaulizwa. Imo katika hadithi za Abu Daudi. Tusimame tuombe hata saa nzima. Lakini kumwita maiti na kumfundisha majibu, hiyo ni hadithi ya Abu Umama katika kitabu cha Tabarani, na sanadi yake ni dhaifu. Wewe wajua." Sanadi ni mlolongo wa watu waliopokezana hadithi.

"Najua," alisema maalim. "Na Imamu Nawawi alijua kabla yangu na yako. Akasema ni dhaifu, kisha akasema inapendeza, kwa kuwa ina mashahidi wa kuitia nguvu, na watu wa Sham hawakuacha kuifanya."

"Nawawi ni imamu, si Mtume."

"Na wewe?"

Mjomba alicheka kidogo, na nafikiri mzozo ungeweza kuishia pale kama si binamu yangu mmoja, kijana wa suruali fupi za watu wa Sunna, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake. "Kila bidaa ni upotofu, na kila upotofu ni motoni," alidakia, bidaa ikiwa ni jambo lililozushwa katika dini. "Hii ni shirki tu, mnaipamba!"

Nilimtazama maalim nikitegemea angehamaki. Aliyehamaki ni mjomba. "Shirki ni kumwomba maiti," alimwambia. "Hapa maiti ndiye anayeombewa. Kama hujui tofauti ya shirki na bidaa, na bidaa na jambo lenye khitilafu, nenda kawasaidie wenzako kubeba mbao." Kijana akaondoka.

Maalim akaikamata nafasi hiyo. Akamkumbusha Sayyidna Umar alipowakusanya watu nyuma ya imamu mmoja kwa tarawehe na kusema bidaa nzuri iliyoje hii. Mjomba akajibu kwamba Umar alisema bidaa kwa maana ya lugha tu, kwani Mtume mwenyewe aliiswalisha tarawehe kwa siku kadhaa kisha akaiacha kwa kuchelea isije ikawa faradhi. Maalim akamtaja Imamu Shafii aliyeigawa bidaa mafungu mawili, ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Mjomba naye akasema fungu la kusifiwa halihusu ibada. Hapo kahawa ilikuwa imepoa.

Mpaka siku ile niliamini kwamba ugomvi huu ni wa mwenye kitabu na mwenye mila. Mitaani ndivyo unavyosimuliwa, na kila upande husimulia kwa namna inayoufaa: wa Sunna husema wazee ni wafuasi wa mababu, wazee nao husema vijana wameletewa dini mpya kwa pesa za Saudia. Hili la pili hukera zaidi, kwa kuwa ni uongo ulio wazi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiyakosoa mambo haya Mombasa, kwa gazeti lake al-Islah, mwaka 1932, mafuta ya Saudia hayajachimbwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968 na aliyetufasiria Qurani kwa Kiswahili, aliandika kuzipinga bidaa akiwa na elimu ya Unguja kichwani. Ubishi wa barazani kwetu ulikuwa wa pwani hii, na wenye nao walikuwa watu wa pwani hii.

Aliyeukata ni mama mkubwa. Alitoka na mikono yake bado ina harufu ya karafuu maiti, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini, akasema: "Mama alisema mwenyewe, nami nilikuwapo. Alisema msinizike kimyakimya kama paka."

Mjomba akasema, kwa upole, kwamba wasia wa jambo lisilo katika sharia hautekelezwi.

"Basi wewe mswalishe, ndiyo haki yako, wewe mwanawe," alisema mama mkubwa. "Maalim atasoma. Wakati anasoma simama mbali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Msikitini mjomba aliswalisha, na sauti ilimkatika kwenye takbira ya tatu, ile ya kumwombea maiti. Makaburini alishuka mwenyewe shimoni, shuka ikashikiliwa juu yake kama inavyofanywa maiti akiwa mwanamke, akamlaza mama yake kwenye mwanandani akielekezwa kibla. Alipopanda juu miguu yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu hadi magotini. Watu wakatupa yale mateko matatu ya mchanga, majembe yakamaliza kazi, maji yakamwagwa. Kisha mjomba akasogea, akaenda kusimama chini ya mwembe, mgongo kwetu, akiwa ameinua mikono kwa dua yake.

Maalim akachutama. Akasafisha koo, akainua uso. "Mama yake anaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama yake bibi alifariki bibi akiwa mchanga, huko kwao Moa, na sisi sote tulimjua kwa jina la utani tu, ambalo kwa hakika si la kutajwa kaburini. Mzee mmoja wa mtaa akataja jina moja. Mwingine akasema hapana, huyo ni mama wa nduguye kwa baba. Waliojua walikuwa wanawake, na wanawake walikuwa nyumbani. Nikaambiwa nipige simu.

Mama mkubwa alipokea katikati ya kelele za watu waliokuja kutoa pole. Nilirudia swali mara mbili tatu. Nikamsikia akimuuliza mwenzake, wakatofautiana, akarudi kwangu na kusema: "Muulize mjomba wako. Ndiye aliyemwandikia karatasi za pasipoti alipokwenda Hija. Kiapo cha kuzaliwa kiliandikwa kwa mkono wake."

Umati mzima ulikuwa ukinitazama. Nikavuka makaburi ya watu hadi chini ya mwembe, nikasimama pembeni yake mpaka aliposhusha mikono. Nilipomwambia alinitazama kwa muda kama mtu aliyeombwa akopeshe kisu cha kuchinjia asichokiafiki. Kisha akataja jina, kamili, la mama na la baba wa huyo mama, kwa sauti ya kunitosha mimi tu. Nikarudi nikalifikisha, na maalim akasoma.

Jioni ile nilimuuliza mjomba kwa nini alilitaja. Akasema: "Ningenyamaza, angemwita mwana wa Hawa. Na hilo nalo limo kwenye hadithi ileile dhaifu." Sikujua kama alikuwa akitania. Ni kweli limo: Mtume aliulizwa, kwa mujibu wa hadithi hiyo, kama jina la mama halijulikani, akajibu anasibishwe na Hawa.

Siku ya tatu ikaja hitima, kile kisomo cha Qurani cha kumwombea marehemu, na hapa mimi nilikuwa upande wa mjomba na bado niko. Ilichinjwa mbuzi, mchele ukakopwa dukani, masufuria ya kukodi yakapangwa uani. Watu walisoma juzuu zao wakiwa na jicho moja jikoni. Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Kwetu wafiwa ndio waliowapikia majirani. Mjomba alimweleza mama mkubwa hayo, na maneno ya Jarir bin Abdallah kwamba masahaba walihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa. Hakumsikiliza. Alisema watu watasemaje. Deni la ule mchele alilimaliza baada ya Ramadhani kupita.

Nilipomuuliza maalim juu ya chakula, kwa kutegemea utetezi, alisema bila kusita: "Hapo mjomba wako ana haki. Nawawi mwenyewe ameiita bidaa." Basi kwa nini alikuwa amekaa kichwani pa mkeka? "Nilikuja kusoma. Pilau hainiulizi rai yangu."

Nilianza kusoma baadaye, kwa utundu zaidi kuliko uchamungu, na nilichokikuta kilinichekesha peke yangu. Kauli mashuhuri ya Imamu Shafii ni kwamba thawabu za kisomo cha Qurani hazimfikii maiti. Nao wanaosoma hitima pwani nzima ni Mashafii. Upande wa Imamu Ahmad, ambao ndio madhehebu ya Saudia, kauli mashuhuri ni kwamba zinafika. Na Ibn Taymiyya, ambaye vijana wa suruali fupi humtaja kama ngao, alipoulizwa juu ya talakini alisema zipo kauli tatu, inapendeza, inachukiza na inaruhusiwa, na kwamba iliyo ya haki zaidi ni hiyo ya kuruhusiwa. Kumbe barazani pale kila mmoja alikuwa amekalia kigoda cha mwenzake. Nilimpelekea mjomba ukurasa huo wa Ibn Taymiyya. Alisema anaujua, na kuruhusiwa si kupendeza, na watu wakishaifanya kuwa lazima hukumu yake hubadilika. Hoja nzuri, nakiri. Mimi mwenyewe utotoni niliidhani nguzo.

Ninachokikataa kwake ni lile neno tu, upotofu. Lile la binamu mlangoni nalisamehe, ni ujana. Lakini mtu mwenye kujua kwamba Nawawi amesema hivi na Ibn Taymiyya vile, halafu akalitumia juu ya mama mkubwa na mikono yake ya karafuu maiti, huyo ana kesi ya kujibu kwangu.

Miaka michache iliyopita mjomba aliandaliwa upasuaji, akaandika wasia. Alitaka mashahidi wawili na akaniita mimi na maalim, ambaye sasa macho yamepungua na husomewa. Nikausoma: madeni yake, theluthi ya mali yake kwa msikiti, kisha mstari usemao kwamba anajitenga na kila bidaa na upotofu utakaofanywa juu ya kaburi lake, ikiwemo talakini na hitima.

"Bidaa acha," alisema maalim. "Ni rai yako, na ina wanavyuoni wake. Upotofu sitii saini. Nimemsomea mama yako kwa mdomo huu."

"Maalim, hadithi imeyaunganisha. Huwezi kukubali moja ukaacha jingine."

"Basi tafuta shahidi mwingine."

Walikwenda hivyo, kutoka hadithi hadi hadithi, tukaswali magharibi, wakaendelea. Mke wa mjomba aliingiza chai na kuitoa. Mwisho mjomba akachukua kalamu, akafuta mstari mzima na kuandika upya: nisisomewe talakini, wala nisifanyiwe hitima, wala pasipikwe chakula nyumbani kwangu. Maalim akauliza kama amekatazwa kumwombea dua akiwa amesimama kaburini. Mjomba akasema hiyo imo kwa Abu Daudi. Wote wawili wakaridhika, nami nikatia saini chini ya maalim.

Upasuaji ulikwenda salama. Mjomba anashikilia mpaka leo kwamba mstari wa kwanza ndio uliokuwa sahihi, na karatasi ile ya mwanzo hajaichana.