Jina likiingia kwenye orodha ya siri

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu kwenda Marekani kumwona mjukuu wake wa kwanza. Tulipobadilisha ndege njiani, kadi yake ya kupandia ndege ilitoka ikiwa na herufi S nne zilizofuatana, nami nikajua hata kabla hajaniuliza kwamba atatengwa na wenzake. Walimvua viatu, wakafungua begi lake la mkononi na kutoa kitu kimoja kimoja hadi kopo la mdalasini, kisha afisa mmoja kijana akachukua kitambaa kidogo cheupe, akampangusa viganja vilivyokuwa bado vyekundu kwa hina, na kukiingiza kwenye mashine ya kubaini mabaki ya vilipuzi. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wameniona na nini?" Nilimuuliza afisa swali hilohilo, naye akanijibu kwa adabu kwamba kompyuta ndiyo iliyomchagua na kwamba yeye hajui sababu.

Sina ugomvi na kitambaa kile. Sisi tuliokuwapo Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo balozi za Marekani za hapa na Nairobi zilishambuliwa kwa mabomu na watu 224 wakapoteza maisha, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao za kila siku, hatuwezi kumbeza anayetafuta mabomu. Isitoshe, ukaguzi wa mwili na mizigo hufanyika hadharani, na msafiri anajua umeanza lini na umekwisha lini. Kwa kuwa unaonekana, watu huweza kuulalamikia hadi ukabadilishwa: sharti la kuvua viatu, lililotokana na Richard Reid kujaribu kulipua ndege iliyotoka Paris kwenda Miami mnamo Desemba 2001, liliondolewa katika viwanja vya Marekani Julai 2025.

Kinachonikosesha usingizi ni orodha ya serikali ya Marekani ya watu waliokatazwa kupanda ndege, kwa sababu hiyo haina mlango wa kubisha hodi.

Kisa cha Rahinah Ibrahim ndicho kilichonifungua macho. Alikuwa Mmalaysia aliyesomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mnamo Januari 2005 alifika uwanja wa San Francisco akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa alikuwa bado anauguza upasuaji, pamoja na binti yake wa miaka 14, na hapo alitiwa pingu na kuwekwa kizuizini kwa muda wa saa mbili. Kesho yake aliruhusiwa kurudi kwao, lakini viza yake ilifutwa baadaye na hakuweza tena kurejea Marekani. Alifungua kesi, na serikali ikapambana naye kwa miaka mingi ikidai kwamba kueleza sababu kungefichua siri za taifa. Kesi iliposikilizwa Desemba 2013, hata binti yake aliye raia wa Marekani alizuiwa kupanda ndege ya kwenda kumtolea ushahidi mama yake.

Siri yenyewe ilikuwa nini? Afisa mmoja wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, alijaza fomu mnamo Novemba 2004 na kuweka alama kwenye visanduku visivyostahili, kwa kuwa aliyaelewa maelekezo kinyume, na jina la Rahinah likaingia kwenye orodha. Jaji William Alsup aliamua mwaka 2014 kwamba kumbukumbu zote zisahihishwe. Takribani miaka tisa ya mama wa watu ilipotea kwa alama za kalamu, na hakuna aliyezigundua kwa kuwa aliyeumizwa nazo ndiye aliyenyimwa kuziona. Kukosea ni jambo la kibinadamu na simlaumu sana yule afisa. Nawalaumu waliotumia usiri wa taifa kulifunika kosa lake.

Pia usiri huo humpa mwenye mamlaka fimbo. Yonas Fikre, raia wa Marekani aliyekwenda Sudan kibiashara, alisema maafisa wa FBI walimhoji juu ya msikiti wake wa Portland na kumwahidi kwamba jina lake lingetolewa kwenye orodha endapo angekubali kuwa mpasha habari wao. Alitolewa mwaka 2016 bila maelezo, na serikali ikataka kesi yake ifutwe kwa hoja kwamba shida imekwisha. Mnamo Machi 2024 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikataa hoja hiyo, kwa kuwa hakuna kilichoonyesha kwamba hatarudishwa tena kesho kwa mambo yaleyale.

Baada ya jaji wa jimbo la Oregon kuamua mwaka 2014 kwamba utaratibu wa malalamiko ulikiuka katiba, raia na wakazi wa kudumu wa Marekani walianza mwaka 2015 kuweza kuambiwa kama wamo kwenye orodha, na wakati mwingine kupewa muhtasari wa sababu. Hatua hiyo naipongeza kwa dhati, lakini mama yangu ana pasipoti ya Tanzania. Yeye anaweza kuandika malalamiko na kupewa namba ya shauri, na jibu litakalorudi halitamthibitishia wala kumkanushia lolote. Mwezi ujao anasafiri tena kumwona mjukuu, na ameshaniuliza mara mbili kama asipake hina.