Bibi arusi asiye na bwana: kwa nini Deok-im alimkatalia mfalme

Hapa Lubumbashi, kwenye saluni za nywele za mitaa ya Katuba na Kenya, wanaofuata seri za Kikorea wana swali moja ambalo haliishi: yule binti wa jumbani amerukwa na akili? Mfalme anampenda, anamwomba kwa upole, naye anakataa! Swali hilo linastahili jibu la hesabu, kwa sababu Seong Deok-im hakutungwa na watu wa sinema. Alizaliwa mwaka 1753, akatumika katika jumba la wafalme wa Joseon, yaani Korea ya zamani, akamkatalia mrithi wa kiti mwaka 1766, na akamkatalia tena mtu yule yule alipokwisha kuwa mfalme Jeongjo.

Sisi wa Katanga tumelelewa na hadithi za mapenzi ya jumbani yanayozaa dola. Ruwej wa Walunda alimpenda mwindaji Chibinda Ilunga aliyetoka Uluba, akamkabidhi lukano, ile bangili ya mamlaka. Ndugu zake wakakasirika, wakahama na watu wao, na Mwant Yav, mfalme wa Walunda huko Musumba, anahesabu kiti chake kutoka ndoa hiyo. Lakini Ruwej alikuwa mwenye kiti. Deok-im alikuwa gungnyeo, mtumishi wa kike wa jumba, na gungnyeo alihesabiwa kuwa mwanamke wa mfalme tangu siku ya kuingia, hata kama mfalme hatajua jina lake mpaka afe. Usipolishika hilo, mengine yote yatakupita.

Binti aliingia akiwa mdogo sana. Waliopangiwa jimil, yaani vyumba vya ndani kabisa vya mfalme na malkia, walichukuliwa hata na miaka 4, kwa sababu jumba lilitaka mtoto ambaye bado hajajifunza desturi za nje. Wa ushonaji (chimbang) na wa tarizi (subang) waliingia wakubwa kidogo. Wa jikoni (sojubang), wa vitamutamu (saenggwabang), wa maji ya kunawa (sesugan) na wa kufua (sedapbang) wangeweza kuingia na miaka 12 au 13. Deok-im aliingia akiwa na kama miaka 10, akakulia chini ya mkono wa Bibi Hyegyeong, mama yake Jeongjo. Kila mtoto alipewa mlezi mwanamke mzima, akafundishwa lugha ya jumbani, namna ya kutembea bila kusikika, na mwandiko mzuri wa Hangul, herufi za Kikorea.

Sasa hesabu. Miaka 15 baada ya kuingia inafika sherehe ya gwallye. Nywele zinafungwa kama za mwanamke aliyeolewa, anavalishwa nguo za bibi arusi, jamaa zake wanaleta chakula, wenzake wanakula karamu. Kila kitu cha harusi kipo isipokuwa bwana. Baada ya hapo inahesabiwa miaka mingine 15 kabla ya kuitwa sanggung, cheo cha ngazi ya 5, na juu ya hapo mtumishi hapandi tena kwa kazi yake. Aliyeingia na miaka 5 anakuwa bibi arusi na miaka 20, anakuwa sanggung na 35. Kabla ya kuwa sanggung wanalala wawili chumba kimoja, na huyo mwenzake anaitwa bangdongmu, rafiki wa chumba. Kwa wengi ndiye mtu pekee aliyewajua kweli maisha yao yote. Mshahara ulikuwa mchele, soya na samaki mkavu, na sehemu yake iliweza kuwafikia wazazi. Jumba likiwa limejaa, wanawake wa namna hii walifika 500 mpaka 600.

Kazi yenyewe haikuwa na nafasi ya kukosea. Mfalme alipata uji au kitu chepesi kabla ya jua kupanda, chakula kikubwa karibu saa 4 asubuhi, na kingine karibu saa 11 jioni. Chakula kikubwa kinaitwa sura, na meza yake ina vitoweo 12, bila kuhesabu wali, supu na kimchi, vyote vikipangwa juu ya meza tatu. Kila bakuli lina mahali pake. Kabla mfalme hajagusa kitu, sanggung mzee anachota kidogo kutoka kila bakuli anaonja, kisha wanasubiri. Vijiko ni vya fedha, kwa sababu sumu ya zamani ya aseniki ilichanganyika na salfa, na salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Mtu wa Uluba hatashangaa kwamba chakula cha mfalme ni jambo la hatari: mtawala Nkongolo alikula mbele ya kila mtu, mgeni wake Mbidi Kiluwe akala faraghani, na hapo ndipo hadithi yetu inapotenganisha mtawala wa zamani na ufalme mtakatifu. Waluba waliulinda mlo kwa kuuficha. Joseon waliulinda kwa kuuzungushia macho.

Macho hayo hayakuishia mezani. Mfalme hakwenda chooni, choo kililetwa kwake. Ni fremu ya mti yenye kiti kilichofunikwa kitambaa, chini yake kuna chombo cha shaba kinachovutwa kama mtoto wa meza, na ndani kumenyunyizwa majani makavu yaliyokatwakatwa ili kisisikike kitu wala harufu isipande. Waliita maehwa, ua la mplamu. Mtumishi aliyekileta alingoja karibu, akakifunika, na ilipohitajika akakipeleka kwa waganga wa mfalme wakachunguze rangi na hali ya alichotoa. Kuna watu wanaona aibu kusoma hayo. Mimi naona heshima kubwa ndani yake, kwa sababu mwanamke aliyepewa kazi hiyo alishika afya ya nchi mikononi na hakuruhusiwa kusema neno.

Usiku napo ni vile vile. Chumba cha kulala cha mfalme kilipangwa kwa umbo la #, yeye katikati na vyumba vinane kumzunguka, ambamo masanggung wazee walikaa zamu wakisikiliza. Ukiona katika seri wapenzi wawili wanazungumza peke yao saa nzima karibu na chumba hicho, ujue mwandishi amekuonea huruma. Katika jumba la kweli ukuta ni mlango wa karatasi, na nyuma yake kuna mtu.

Ukimya walifundishwa wakiwa watoto. Usiku wa mwisho wa mwaka, wasichana wadogo walipangwa mstari uani, kila mmoja akiwa na mkate wa ngano mdomoni na kitambaa cheupe kikiwa kimefungwa juu yake. Matowashi vijana walikuja na mienge ya moto, wakaipunga karibu na midomo hiyo wakipiga kelele kwamba wataunguza mdomo wa panya. Mtoto wa miaka 5 au 6, gizani, moto ukiwa sentimeta chache kutoka usoni. Hakuna aliyesahau somo hilo: linaloonekana ndani linabaki ndani.

Hata hivyo walipenda. Kumbukumbu rasmi za Joseon, ambazo ziliandikwa siku kwa siku, zinaonyesha wazi siri zilivyovuja, na mara nyingi njia ni zile zile.

Njia ya kwanza ni karatasi. Hangul ilitangazwa mwaka 1446. Mwaka 1453, miaka 7 tu baadaye, wasichana wa jumbani walikutwa wakiandikiana barua za mapenzi kwa herufi hizo na vijana waitwao byeolgam, wahudumu wa kiume wa jumba. Herufi ambazo mtu anaweza kuzijifunza kwa siku chache zilimpa mtumishi kalamu kwa mara ya kwanza, na alichoandika nayo ni hicho. Walichapwa, wakapelekwa mipaka ya kaskazini kuwa watumwa wa ofisi za serikali. Mwaka 1465, chini ya mfalme Sejo, jambo likawa baya zaidi. Mwanamke aitwaye Deokjung, aliyekuwa suria wa Sejo kisha akashushwa cheo, alimwandikia barua mwanamfalme Gwiseong, mpwa wa mfalme, akaipitisha mikononi mwa matowashi wawili. Gwiseong alimwambia baba yake, wakaenda wote wawili kwa mfalme siku hiyo. Matowashi walipigwa mpaka wakafa, Deokjung akauawa, Gwiseong hakuguswa. Msimwone Gwiseong kuwa katili tu. Barua ikishafika mkononi, anayenyamaza amekuwa mshiriki, na aliyeibeba anaweza kubanwa wakati wowote akaitaja. Kwa hiyo barua ya siri jumbani ilimsukuma aliyeipokea kwenda kuitoa.

Njia ya pili ni matandiko. Mwaka 1436 mke wa mrithi wa kiti, Bibi Bong, alipendana na mtumishi wake aitwaye Sossang. Kazi ya kukunja matandiko asubuhi ni ya watumishi, kila siku, bila kuitwa. Bong akaanza kuwazuia: aliyakunja mwenyewe, kisha akayapa kufuliwa kwa siri. Jambo dogo kabisa, lakini jumbani kazi iliyobadilisha mkono inaonekana haraka kuliko mtu aliyepotea. Maneno yakaenda mpaka kwa mfalme Sejong, Sossang akahojiwa, Bong akavuliwa cheo na kurudishwa kwao. Sejong mwenyewe alieleza kwamba watumishi wa kike waliolala pamoja walikuwa wakichapwa viboko 70, na ilipoonekana haitoshi vikafika 100. Kwa maneno mengine, mfalme alijua Sossang hakuwa wa kwanza.

Sheria iliendelea kukazwa. Kanuni ya mwaka 1746, miaka michache tu kabla ya Deok-im kuzaliwa, ilisema gungnyeo akilala na mwanamume wa nje, wote wawili wakatwe vichwa bila kungoja majira ya kunyonga ambayo wahalifu wengine waliyangoja. Akiwa na mimba, watangoja azae tu. Mwanamke mwingine aliyehukumiwa kifo alipewa siku 100 baada ya kujifungua, gungnyeo hakupewa hata moja. Kulikuwa na mlango mmoja wa kutoka ukiwa hai: ukame mkubwa ulipokuja, waliamini uchungu wa wanawake waliofungiwa unazuia mvua, basi baadhi waliachiwa warudi kwao. Lakini ofisa aliyemwoa mmoja wao alichapwa viboko 100. Vazi la bibi arusi la gwallye halikuvuliwa kamwe.

Sasa rudi mwaka 1766. Jeongjo ni kijana, bado mrithi, na mrithi asiye salama: mwaka 1762 baba yake, Sado, alifungiwa ndani ya sanduku la mchele kwa amri ya mfalme mpaka akafa. Anamwambia Deok-im kwamba anamtaka. Akikubali, atakuwa nini? Mtumishi aliyelala na mfalme anaitwa seungeun sanggung. Anapanda cheo bila kungoja miaka yake, lakini anaondolewa kwenye kazi aliyoijua tangu utotoni, anaondolewa kwa rafiki wa chumba, na waliokuwa wenzake wanaanza kumwinamia na kumwogopa. Asipopata mtoto, anabaki na jina hilo tu mpaka mwisho. Akipata, malkia ndiye mama wa mtoto mbele ya sheria. Na huyo anayemwomba anaweza asifike kwenye kiti.

Deok-im alilia, akakataa, akaapa kwa uhai wake. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: mke wa Jeongjo, atakayekuwa malkia Hyoui, hajapata mtoto bado. Pima uzito wa sababu hiyo. Kukataa kwa kusema "sitaki" ni kosa. Kukataa kwa ajili ya heshima ya bibi wa nyumba ni utii, na hakuna sanggung wala mfalme awezaye kumwadhibu mtu kwa kuwa mtiifu mno. Jeongjo aliguswa, akamwacha. Naamini Deok-im aliimaanisha sababu yake kweli, na naamini pia alijua ni sababu pekee itakayosimama. Moja haiondoi nyingine.

Maisha yaliendelea. Mwaka 1773 alikaa na dada wawili wa Jeongjo pamoja na watumishi wengine, wakanakili kwa mkono riwaya ndefu ya mabuku 10, kila mmoja akichukua sehemu yake. Mwandiko wake bado upo. Mwaka 1776 Jeongjo akawa mfalme, na miaka 15 hivi baada ya mara ya kwanza akamwomba tena. Deok-im akakataa tena. Safari hii mfalme alimwadhibu mtumishi wa Deok-im, na hapo akakubali. Wanaosimulia mapenzi haya kama asali tupu huipita sehemu hiyo haraka. Isipitwe: adhabu ilianguka kwa mtu aliye chini yake, na yeye aliyekuwa amelelewa chini alijua maana yake.

Mwaka 1782 alizaa mtoto wa kiume, akapandishwa mpaka bin, cheo cha juu kabisa cha suria, akaitwa Uibin. Mwaka 1784 akazaa binti aliyekufa angali mchanga. Mwezi wa 5 wa mwaka 1786, kwa kalenda ya mwezi, surua ilimchukua mwana. Mwezi wa 9 Deok-im mwenyewe akafa, akiwa na mimba karibu kujifungua, akazikwa karibu na mtoto wake.

Maandishi ya kaburi lake Jeongjo hakumwachia mwandishi wa jumba. Aliyatunga mwenyewe, na humo ndimo tunamosoma kwamba alikataliwa mara mbili, pamoja na machozi, kiapo na sababu ya malkia, hata yule mtumishi aliyeadhibiwa. Mfalme angeweza kuyafuta yote hayo. Aliyaandika yakaingia ardhini pamoja naye.