Usiku Detroit Ilipochagua Beki

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2024 niliomba ruhusa kazini, nikampitia kijana wangu shuleni kwake hapa Lansing kabla ya saa sita mchana, tukashika barabara kuu ya I-96 kuelekea Detroit. Yeye, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16, alijua kwamba tunakwenda kuishuhudia timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Detroit Lions, ikichagua mchezaji mpya. Mimi nilikuwa na jambo la pili moyoni, nalo nilikuwa nimeliweka tangu mwezi wa Oktoba: nilitaka kumshawishi aache kucheza beki wa pembeni kabla msimu mwingine haujaanza.

Oktoba ile, katika mechi ya shule yao iliyochezwa Ijumaa usiku, mpira ulirushwa mara mbili juu ya kichwa chake, na mara zote mbili mpokeaji wa timu pinzani, ambaye yeye alipaswa kumlinda, akaudaka na kukimbia nao hadi kwenye eneo la bao. Watu waliokaa nyuma yangu, ambao hawakujua kwamba mimi ni baba yake, waliulizana kwa sauti kwa nini kocha hamtoi. Alirudi nyumbani, akaoga, akaingia kulala bila kutia kitu mdomoni, na chakula alichowekewa na mama yake kikakaa mezani hadi asubuhi. Maumivu yale niliyatambua vizuri, kwa kuwa kule Tanga nilicheza namba tatu kwa miaka sita, kwanza katika timu ya shule na baadaye katika timu ya mtaa wetu wa Ngamiani, na hadi siku hiyo nilikuwa na mpira mmoja ulionipita ambao sikuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Kwa sisi tuliokulia pwani, drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa barazani hadi jua linapozama. Wamarekani wana neno linalotamkwa karibu sawa, ila lao ni shughuli ya kila mwaka ambapo timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira huo, hugawana wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, raundi baada ya raundi hadi ya saba, na timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua, isipokuwa kama imeitoa nafasi yake kwa timu nyingine. Mwaka ule Lions walikuwa na nafasi ya 29 katika raundi ya kwanza. Kusubiri hadi mwisho namna hiyo kulikuwa heshima, tena heshima kubwa, kwa sababu timu yetu ilikuwa imekaa tangu Januari 1992 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano, na sasa ilikuwa imebakiza mechi moja tu ifike Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mahali ambapo haijawahi kufika.

Mechi hiyo moja ndiyo iliyofanya kila mtu katika jimbo letu la Michigan azungumze habari za mabeki. Tarehe 28 Januari, huko Santa Clara, Lions walikwenda mapumziko wakiwa mbele kwa 24 kwa 7 dhidi ya San Francisco 49ers, kisha wakapoteza kwa 34 kwa 31. Katika kipindi cha pili ulirushwa mpira mrefu uliomfikia beki wetu mmoja, ukagonga kofia yake mbele ya uso, ukaruka juu na kuangukia mikononi mwa Brandon Aiyuk, yule yule aliyekuwa akilindwa. San Francisco wakapata yadi 51 kwa mpira ambao beki alikuwa ameuwahi, na kwa maoni yangu hakuwa amefanya kosa lolote. Kwa wiki kadhaa baadaye nilisikia watu wakimtaja kazini na dukani, kama kwamba ndiye peke yake aliyekuwa uwanjani.

Tena kulikuwa na kidonda cha zamani zaidi. Mwaka 2020 Lions walimchagua beki Jeff Okudah wa Chuo Kikuu cha Ohio State katika nafasi ya 3, na tangu 1997 hakuna beki wa pembeni aliyekuwa amechaguliwa mapema kiasi hicho. Katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2021 kano yake ya kisigino ilikatika, na ilipofika Aprili 2023 timu ikamtoa kwenda Atlanta na kupewa nafasi ya raundi ya tano. Nilimhurumia sana kijana yule. Lakini ukiwauliza mashabiki wengi wa hapa walijifunza nini kutokana na habari zake, walikuwa wakikujibu kwamba nafasi ya raundi ya kwanza haitumiwi kwa beki, na jibu hilo nilikuwa nimelibeba garini siku ile, tayari kumpa mwanangu kama hoja.

Shughuli ilifanyika katikati ya jiji, pale Campus Martius, na kuingia kulikuwa bure kwa yeyote aliyejiandikisha kwa simu. Tuliwahi, na ilikuwa bahati, kwa sababu usiku huo wa kwanza walihesabiwa watu zaidi ya 275,000 na waliochelewa walikuta milango imefungwa. Tulipata pa kusimama mbali na jukwaa, mbele ya skrini, kwenye baridi ya jioni ambayo wenyeji waliiita hali nzuri ya hewa. Mbele yetu alisimama mzee mmoja aliyevaa jezi ya buluu ya Lions namba 20. Kijana wangu alimwambia kwamba naye anampenda Barry Sanders, maana kwa watu wa rika lake namba hiyo ni ya Barry, aliyekimbia na mpira kuliko mwingine yeyote aliyewahi kuvaa jezi ile. Mzee akageuka, akamweleza kwa upole kwamba jezi yake si ya Barry bali ya Lem Barney, beki wa pembeni aliyechaguliwa mwaka 1967 katika raundi ya pili, ambaye katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Green Bay, aliunasa mpira wa kwanza ambao mrushaji wao, Bart Starr, aliurusha upande wake na kukimbia nao hadi akafunga. Mzee alikuwa mtoto wa miaka tisa, akisikiliza redioni na baba yake. Alisimulia kama mtu anayesimulia siku ya harusi yake, na mwanangu akasogea, akasimama kando yake, na hapo wakabaki hadi mwisho.

Saa mbili usiku majina yakaanza kutajwa, na muda mrefu ukapita bila mlinzi hata mmoja. Kuanzia Caleb Williams aliyekwenda Chicago katika nafasi ya 1 hadi Taliese Fuaga aliyekwenda New Orleans katika nafasi ya 14, wote waliochaguliwa walikuwa wachezaji wa upande wa mashambulizi, na sita kati yao walikuwa warushaji wakuu, wale wanaoitwa kwotabeki. Haikuwahi kutokea katika historia ya drafti. Watu walipiga kelele kubwa kwa J.J. McCarthy, ambaye Januari alikuwa ameipa Chuo Kikuu cha Michigan ubingwa wa nchi, kisha wakasikitika kumwona akienda kwa wapinzani wetu wa Minnesota. Kijana wangu alikuwa ameandika majina ya mabeki watatu kwenye karatasi: Quinyon Mitchell wa Toledo, Terrion Arnold wa Alabama na Nate Wiggins wa Clemson. Nafasi ya kumi ilipopita aliikunja karatasi na kuitia mfukoni. Akaniambia, "Baba, mwaka huu hakuna anayetaka mabeki."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kusema maneno yangu. Badala yake nilimwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza miaka miwili nyuma, kwamba anapokuwa kule pembeni anatazama nini. Katika soka tuliyocheza sisi, beki huuona mpira. Winga anakuja nao mguuni, nawe unamsubiri, unamsukumia nje kwenye mstari, unachagua wakati wako. Mwanangu alinieleza kwamba kwao mpira uko nyuma ya kila kitu. Beki huanza kwa kukimbia kinyumenyume, akimwelekea mpokeaji ambaye anajua anakokwenda ilhali yeye hajui, na hapaswi kumtazama machoni wala mabegani, kwa kuwa macho na mabega hudanganya. Anatazama nyonga, maana nyonga haziwezi kuelekea upande mmoja na mwili ukaenda upande mwingine. Zikigeuka, naye anageuka, na kuanzia hapo anakimbia akiwa ameupa mpira kisogo hadi aone mikono ya mpokeaji ikiinuka. Aliniambia pia kwamba tangu mwaka 1978 beki wa NFL haruhusiwi kumzuia mpokeaji kwa mikono baada ya yadi tano, na kwamba akimgusa isivyo halali mpira ukiwa angani, timu pinzani hupewa mpira pale pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. "Kwa hiyo unatakiwa uwe karibu naye sana," alisema, "lakini usimguse." Alisema hayo huku akinionyesha kwa miguu, hatua tatu nyuma kisha anageuza nyonga, katika nafasi ndogo tuliyokuwa nayo kati ya watu, na mzee wa jezi ya Barney akasogea kidogo ili ampishe.

Nilimtazama na nikaona kwamba mtu anayetaka kuacha kitu hakielezi hivyo.

Nafasi ya 15 Indianapolis wakamchagua Laiatu Latu, mlinzi wa kwanza wa usiku ule, na baada yake walinzi wengine wakaanza kuitwa. Ilipofika ya 22 Philadelphia wakamchukua Mitchell, na karatasi ikatoka tena mfukoni. Zilibaki zamu nyingi kabla ya 29, na mwanangu aliamini kwamba Arnold, aliyenasa mipira mitano katika msimu wake wa mwisho Alabama, hatatufikia. Nafasi ya 24 ilikuwa ya Dallas. Tukaanza kusikia mngurumo kutoka mbele, karibu na jukwaa, ukija kwetu kama mvua inavyosikika juu ya mabati ya jirani kabla haijafika kwenu, kisha skrini ikaonyesha kwamba Dallas wamekubali kubadilishana: Lions wanapanda hadi 24, nao wanatoa ile 29 pamoja na nafasi ya 73 ya raundi ya tatu, na wao wanapewa nafasi ya raundi ya saba ya mwaka 2025. Mzee alisema kwamba kutoa mtu wa raundi ya tatu ili upande ngazi tano si jambo dogo, lazima kuna mtu wanayemwogopa kumkosa. Kijana wangu hakumjibu. Alikuwa ameweka mikono yote miwili kichwani.

Kamishna wa ligi, Roger Goodell, alipolitaja jina la Terrion Arnold na kusema kwamba ni beki wa pembeni, sikusikia neno la mwisho la sentensi yake. Arnold mwenyewe alikuwa pale Detroit, naye akatokea jukwaani, kijana wa miaka 21 kutoka Tallahassee, na umati wote ukampokea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia uwanja wowote. Mzee alimkumbatia mwanangu kama mjukuu wake. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwa na machozi ambayo sikuyaficha. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia watu wakilitaja jina la beki baada ya mpira kumpita, na sikuwahi kuona watu wakishangilia beki kabla hajafanya lolote, kwa sababu tu amekubali kwenda kusimama kule pembeni kwa niaba yao. Kesho yake, katika raundi ya pili, Lions wangemchagua beki mwingine wa pembeni, Ennis Rakestraw wa Missouri, lakini hilo tulilitazama nyumbani, na lilikuja kama uthibitisho wa jambo tulilokwisha kulipokea.

Tuliondoka Detroit usiku wa manane, tukichelewa sana kwa wingi wa magari. Nilikuwa nimeziacha hoja zangu pale Campus Martius na sikutaka kuzirudia. Kijana alinyamaza hadi tulipopita Novi, nikadhani amelala. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Baba, ulipokuwa ukicheza namba tatu, kuna mpira uliokupita ambao bado unaukumbuka?"

Nikamwambia kwamba upo. Nikaanza na hali ya uwanja siku ile, jinsi mvua ilivyokuwa imenyesha Tanga tangu alfajiri na upande wangu wa kushoto ukawa na dimbwi karibu na kibendera cha kona, na jinsi winga wao alivyokuwa mfupi, mwepesi, na alivyonitazama mara moja kabla ya kuanza kukimbia. Akanikatiza. Alitaka kujua nilikuwa nikitazama nini, macho yake au nyonga. Tulikuwa tumefika Brighton, na ilinibidi nifikiri hadi Howell ndipo nikaweza kumjibu.