Nilivyomsaidia mpwa wangu kuanza rekodi ya mikopo

Mpwa wangu alipoajiriwa kwenye duka la vipuri hapa Nakuru, alijisifu kwamba hajawahi kudaiwa hata shilingi. Nikamwambia kwamba mama yake atafurahi, lakini benki haitakuwa na lolote la kusoma juu yake.

"Kwani Mjomba, CRB si ya wale wasiolipa?"

Wengi wetu ndivyo tunavyoijua hiyo ofisi inayotunza rekodi za mikopo ya watu. Lakini tangu kanuni za 2013, benki hupeleka huko habari za wanaolipa vizuri pia.

Tulianza kwa kuomba ripoti yake, maana kila Mkenya ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Nilitaka kuhakikisha hakuna aliyekopa kwa kitambulisho chake. Haikuwa na mkopo wowote.

Akaanza kuweka akiba M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya kwenye simu, kisha akakopa kiasi kidogo. Ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30: ukichukua 2,000, unalipa 150 juu, bila kuhesabu ushuru. Kwangu mimi hiyo ni ghali, kwa hiyo tulikubaliana akope tu kwa kitu ambacho pesa yake tayari ipo, na alipe siku ya mshahara kabla hajagusa kingine. Tulivutana kuhusu programu za mikopo. Alitaka kuzipakua zote zilizokuwa zikimtumia ujumbe. Nilikataa katakata. Nimeona watu wakikopa huku ili walipe kule, mwezi baada ya mwezi.

Nilichokitaka hasa ni ajiunge na sacco, yaani chama cha akiba na mikopo. Huko alichanga kila mwezi kwa makato ya mshahara, hadi akaweza kuomba mkopo wa mara tatu ya akiba yake. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Ilibidi apate wadhamini, nami nikatia sahihi. Nilimwonyesha fomu: akishindwa kulipa, akiba yangu ndiyo itakayokatwa. Dada yangu alinuna, eti namtisha mtoto. Mtoto mwenyewe alinyamaza, akapunguza kiasi alichokuwa anaomba.

Pesa hiyo ilinunua pikipiki, na marejesho yanakwenda vizuri. Juzi mwenzake kazini alimwomba amdhamini, naye akataka kwanza aone hati yake ya mshahara.